Sonona ya baipola: vidonge au mazungumzo? Mwongozo kwa aliye Kigoma

Anayeuliza "nimeze vidonge au nitafute mtu wa kuongea naye?" mara nyingi anauliza akiwa kitandani, mchana, mlango umefungwa. Swali lake lina jibu, lakini kuna jingine linalotangulia: sonona yenyewe ni ipi? Ya kawaida na ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda juu mno na kushuka chini mno kwa vipindi) huwezi kuzitofautisha kwa kumtazama mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la kliniki. Wote wanalia, hawali, hawana nguvu hata ya kuoga. Tofauti iko nyuma, katika miezi au miaka iliyopita, na ndiyo inayoamua dawa ipi itamsaidia na ipi itamrusha.

Zitafute kwanza siku za juu

Mwenye sonona akiulizwa habari zake husimulia huzuni tu. Siku za juu hazitaji, maana kwake hazikuwa ugonjwa. Zilikuwa siku alizojiona mzima kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo aingie kwa daktari pamoja na mtu anayeishi naye, na maswali yaelekezwe kwa huyo pia. Zimewahi kupita siku 4 au zaidi mfululizo akilala kwa muda wa saa 2 au 3 tu na kuamka hana uchovu? Alikuwa anaongea bila kumpa mwenzake nafasi, mawazo yanakimbizana, anafungua biashara tatu kwa mpigo, anagawa pesa, anauza mtumbwi kwa bei ya kutupa, anagombana na kila anayemwambia apumzike? Zikifika siku 7, au zikamfikisha wodini, hiyo ni mania kamili. Zikiwa siku 4 na kuendelea bila kuvuruga maisha yake sana, ni mania ndogo. Zote mbili zinaifanya sonona yake kuwa ya baipola.

Dalili nyingine za kumtajia daktari: sonona ilianza kabla ya miaka 25 na imerudi mara nyingi, mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuchanganyikiwa kisha akapona kabisa, mama alichanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua, au mgonjwa aliwahi kupewa dawa ya sonona, na ndani ya wiki chache akawaka, yaani zikamjia siku za juu.

Hilo la mwisho ndilo kosa tunaloliona mara nyingi. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, inapatikana kirahisi, hutolewa kwa maumivu na kwa usingizi, na mtu akisema ana huzuni anapewa. Kwa mwenye baipola, ikiwa peke yake, inaweza kumtoa shimoni na kumpandisha hadi juu ya paa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, haina hatari kubwa kiasi hicho, lakini nayo isitolewe bila dawa ya kudhibiti hisia (kama lithiamu). Hata ikiongezwa juu ya dawa hiyo, faida haina uhakika: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, wagonjwa 366 waliokuwa kwenye dawa za kudhibiti hisia waliongezewa ama dawa ya sonona ama kidonge kisicho na dawa ndani yake. Walioongezewa dawa ya sonona hawakupona zaidi ya wenzao.

Kazi ya dawa na kazi ya mazungumzo

Msimamo wetu ni huu: kwenye baipola, dawa ndiyo sakafu. Mazungumzo peke yake usiyategemee kumzuia mtu aliyewahi kupata mania kamili asipande tena. Ila anayemeza dawa bila mazungumzo yoyote naye hupona polepole zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, nao wa 2007, uliwafuata wagonjwa 293 wenye sonona ya baipola, wote wakiwa wanapewa dawa. Baadhi walipata hadi vikao 30 vya tiba ya mazungumzo katika miezi 9, wengine vikao 3 tu vya elimu. Ndani ya mwaka, asilimia 64 ya kundi la kwanza walipona. Kundi la pili, asilimia 52. Aina za mazungumzo zilikuwa tatu: ya kupima mawazo na tabia, ya familia nzima, na ya kupanga saa za siku. Hakuna iliyoshinda nyingine kwa tofauti ya maana, na hiyo ni habari njema kwa mtu wa Kigoma: huna haja ya kutafuta aina fulani. Chukua ile utakayoipata.

Muda nao hutofautiana kati ya dawa na dawa (kila moja inaelezwa hapa chini). Kwetiapini huanza kuonyesha nafuu ndani ya wiki 1 hadi 2. Lithiamu kwa upande wa sonona inahitaji wiki 6 hadi 8. Lamotrijini huchukua zaidi ya mwezi kufika tu kwenye dozi yake. Mazungumzo huhesabiwa kwa miezi, na faida yake kubwa ni kuchelewesha anguko linalofuata. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi hafaidiki na kikao cha saa nzima. Mpe dakika 15 za mambo mawili tu, usingizi na usalama, mengine yasubiri dawa ifanye kazi.

Dawa, moja baada ya nyingine

Pa kuanzia ni huduma ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Kabla ya kukubali dawa yoyote, uliza: "Hii itapatikana mwezi ujao, na mwezi wa sita kuanzia leo?" Dawa ya pili kwa ubora inayopatikana mwaka mzima inaishinda ile bora inayokatika baada ya miezi 2.

Kwetiapini ina ushahidi mzuri kwa sonona hii. Hupandishwa usiku kwa usiku: miligramu 50, kisha 100, 200, na usiku wa nne 300. Majaribio ya 600 hayakuishinda 300, kwa hiyo ukiona inapandishwa zaidi, uliza sababu. Inaleta usingizi mzito, njaa, na kizunguzungu mtu akisimama ghafla. Pima uzito na sukari kabla ya kuanza. Uzito urudiwe kila mwezi kwa miezi 3, na sukari baada ya miezi 3. Aliyeimeza asipande mtumbwi wala bodaboda usiku huo. Olanzapini nayo hutumika, hasa ikiambatana na fluoksetini, ila kwa kunenepesha imezidi.

Lithiamu ni dawa ya zamani, imetumika tangu John Cade wa Australia alipoandika habari zake 1949, na bado ndiyo yenye sifa ya kupunguza vifo vya kujiua. Lakini usiianze kabla ya kuuliza maabara kama wanaweza kupima kiwango chake kwenye damu, au wanatuma wapi. Nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Lengo la kawaida ni milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita, ikipita 1.5 ni sumu, na mwili mwingine huonyesha sumu kabla ya hapo.

Kipimo kinaharibiwa na vitu vidogo. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: ukimeza saa 2 usiku, uwe maabara saa 2 asubuhi, na kidonge cha asubuhi, kama unacho, kiende nawe mfukoni, ukimeze baada ya sindano. Ukimeza kwanza, namba itapanda bila sababu na dozi yako itapunguzwa kimakosa. Pia mtazame mpimaji anachukua chupa gani. Ile yenye kifuniko cha kijani mara nyingi imewekwa lithiamu hepari ya kuzuia damu isigande. Lithiamu iliyomo kwenye chupa itahesabiwa kuwa ni yako. Kumuuliza si utovu wa adabu. Kipimo cha kwanza ni siku ya 5 hadi 7 tangu kuanza au kubadili dozi, kisha kila miezi 3 mwaka wa kwanza. Figo, tezi ya shingo na kalisi ya damu zipimwe mwanzo na kila miezi 6.

Chumvi na maji vina kazi kubwa hapa. Mwili ukipungukiwa chumvi au maji, figo huishika lithiamu na kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo usiache chumvi ghafla (na Uvinza inakochimbwa chumvi iko hapo hapo jirani), kunywa maji vya kutosha, na ukipata kuharisha, kutapika au homa kali ya malaria, simamisha lithiamu na uende kituoni siku hiyo hiyo. Dawa za kienyeji za kusafisha tumbo ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Kwa wa Ujiji na kwingineko wanaofunga Ramadhani: mwone daktari mwezi mmoja kabla. Kuna anayeweza kufunga kwa kumeza dozi moja usiku na kupimwa damu katikati ya mfungo, na kuna asiyepaswa kujaribu. Kuamka kula daku nako kunakata usingizi, na usingizi, kama tutakavyoona, ndio mlango wa mania.

Maumivu ya mgongo yasikupeleke dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni ukiwa kwenye lithiamu. Zote mbili huipandisha. Parasetamo inatosha. Vidonge vya presha kama kaptopril, enalapril, losartani na vile vya kukojosha hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo daktari wa presha na wa akili kila mmoja aone daftari la mwenzake. Kutetemeka vidole kidogo, kiu na haja ndogo ya mara kwa mara ni mambo ya kawaida. Mikono ikianza kutikisika hadi chai inamwagika, mwendo ukayumba kama wa mlevi, ulimi ukawa mzito, akaharisha au akapotea mawazo: hiyo ni sumu, aende hospitali usiku huo huo.

Lamotrijini huzuia sonona isirudi kuliko inavyoinua iliyopo. Miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, 50 kwa wiki 2, kisha 100, na kwa wengi mwisho ni 200. Akiwa kwenye valproeti (dawa inayofuata hapa chini), kila hatua ni nusu ya hiyo. Mwendo huu usiukimbize: upele unaoweza kubandua ngozi ya mwili mzima hutokea zaidi dozi ikipandishwa haraka. Upele wowote katika wiki 8 za kwanza, hasa ukiwa na homa au vidonda mdomoni, acha dawa na uende hospitali. Ukiikosa zaidi ya siku 5, usirudi kwenye dozi yako. Unaanza tena na 25.

Valproeti na kabamazepini hutolewa pia kwa kifafa, ndiyo maana mama mkwe akiona karatasi anauliza, "Kwani ana kifafa?" Hana. Valproeti asipewe msichana wala mwanamke anayeweza kubeba mimba ikiwa kuna njia nyingine: mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya ukuaji wa akili. Aliye nayo tayari asiiache mwenyewe, akaibadilishe kliniki.

Kabamazepini inagombana na dawa zilizo kila nyumba ya mkoa huu. Inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, inapunguza dolutegravir iliyomo kwenye dawa za VVU, na inapunguza dawa mseto ya malaria hadi malaria isipone. Mtaje anayemeza kabamazepini kila anapopimwa malaria.

Haloperidoli na klopromazini zinashusha mania, haziinui sonona. Wengi huachwa kwenye dawa hizo miezi baada ya mania kuisha. Uso umekakamaa, hatua fupi, mate yanatoka, na familia inasema bado ana huzuni. Huenda ni dawa. Omba dozi iangaliwe upya.

Mazungumzo, hata pasipo mwanasaikolojia

Muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii au mnasihi aliyefundishwa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii, na baadhi ya vikao vinawezekana kwa simu. Muulize maswali mawili: amewahi kumhudumia mtu wa baipola, na anasemaje kuhusu dawa. Akikwambia uache vidonge ili "uponyike kutoka ndani", mshukuru na utafute mwingine. Shehe na mchungaji wana nafasi yao, maombi hayagombani na lithiamu. Linalogombana ni agizo la kuitupa.

Kazi ya kwanza ni daftari. La shule linatosha. Piga mistari upate safu tano: tarehe, saa ya kulala na kuamka, hali, kuanzia -3 (hawezi kutoka kitandani) kupitia 0 hadi +3 (halali na haoni hatari), dawa, na jambo la siku hiyo. Lijazwe kila jioni, dakika moja, na mgonjwa mwenyewe. Mstari mmoja unasomeka hivi: "Jumanne. Nimelala saa 8 usiku, nimeamka saa 11 alfajiri. +1. Dawa nimemeza. Mkesha wa msiba Gungu." Mstari wa Jumatano ukisema tena saa 3 za usingizi bila uchovu, hakuna kusubiri tarehe ya kliniki. Na ukileta daftari la mwezi, daktari anaona kwa dakika 2 asichoweza kukuuliza kwa nusu saa.

Kazi ya pili ni saa za mwili. Kulala, kuamka, kula mlo wa kwanza na kukutana na watu kwa saa zile zile kila siku hupunguza kupanda na kushuka. Hapa ndipo ziwa linaleta taabu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika; mwili wa mvuvi unageuzwa usiku kuwa mchana na kurudishwa tena kila mwezi. Kwa mwenye baipola, kazi ya mchana ni sehemu ya matibabu: kuanika, kushona nyavu, kuuza asubuhi pale Kibirizi. Zungumza na mwenye chombo au na ndugu kabla hajapona kabisa, kwa sababu akijisikia vizuri ataona hahitaji. Asiyeweza kubadili kazi alale kipande kimoja kirefu mara tu anaporudi, chumba kiwe na giza, simu iwe kwa mwingine, na dawa yake inayoleta usingizi imezwe kabla ya usingizi huo, siyo kabla ya kuingia ziwani. Mikesha ya misiba, harusi na maombi ahudhurie hadi saa 4 usiku, kisha arudi nyumbani. Atalaumiwa, familia imtetee.

Kazi ya tatu ni kusogeza mwili bila kusubiri hamu. Wiki ya kwanza: kuoga na kukaa barazani dakika 10 saa 1 asubuhi. Wiki ya pili: kwenda dukani na kurudi. Baadaye sokoni Mwanga kununua mgebuka mmoja. Hatua ikimshinda, igawe mara mbili. Nafuu ikija, breki ni ile ile: jambo jipya moja kwa wiki, siyo matatu, kwani hapa juhudi ikizidi nayo inaweza kumpandisha.

Kazi ya nne ni familia. Lawama za kila siku nyumbani huharakisha anguko. Makubaliano yaandikwe akiwa mzima: dalili zake tatu za mwanzo, nani atasema, na kitakachofanyika. Linganisha "Umeanza wazimu wako tena" na "Baba Asha, tulikubaliana usiku wa pili bila usingizi twende kliniki. Leo ni wa pili." La kwanza linaanzisha ugomvi, na ukishaanza hakuna anayefika kliniki. Pesa na simu ya miamala zikae kwa mtu aliyemchagua yeye mwenyewe.

Mazungumzo nayo yana madhara, ingawa hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa. Kufukua majeraha ya utotoni wakati sonona imekolea kunaweza kuizidisha. Na aliye kwenye mania haongeleki. Kikao kigeuke kuwa mipango ya kumfikisha hospitali.

Swali lisiloahirishwa

Mwulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali leo. Nyumbani, dawa zote zishikwe na mtu mmoja na achukue za wiki moja tu, kwa sababu lithiamu na amitriptilini zikimezwa nyingi huua. Sumu za shambani zitoke kabisa nyumbani. Siku za nafuu ya kwanza zinahitaji macho zaidi, kwa kuwa nguvu hurudi kabla ya tumaini.

Akiba, na kupunguza

Wa Sunuka au Kalya anayetegemea boti aweke akiba ya wiki 2, mbali na dozi ya mwezi. Upepo ukikaza boti haiji. Iandike tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye jalada la daftari, na safari ipangwe siku 10 kabla yake.

Ukijisikia mzima na kutaka kuacha, sema kliniki badala ya kuacha kimya kimya. Lithiamu ikikatwa ghafla mania hurudi upesi. Hupunguzwa kwa muda usiopungua wiki 4, ikiwezekana miezi 3, huku daftari likijazwa kila jioni na yule mliyekubaliana naye akijua kwamba dozi inashuka.